Pesa za Korona kwa Wakulima: Namna ya Kudai Orodha na Hesabu Ukiwa Mombasa

Tarehe 23 Mei 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kuinua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Mkulima alitajwa waziwazi ndani yake: shilingi bilioni 3 za pembejeo kwa njia ya vocha za kielektroniki, ziwafikie wakulima wadogo 200,000, na shilingi bilioni 1.5 za kuwashika mkono wakulima wa maua, mboga na matunda wanaouza nje. Gawanya hizo bilioni 3 kwa watu 200,000, unapata wastani wa shilingi 15,000 kwa mkulima mmoja. Kwa mtu wa Mwakirunge mwenye shamba la mahindi na mihogo, hiyo ni mbegu na mbolea za msimu. Kwa mfugaji wa kuku wa Mtopanga, ambaye hoteli za Bamburi na Shanzu zilifungwa na trei za mayai zikamkalia nyumbani, ni vyakula vya kuku vya kumvusha mwezi.

Tulikuwa tumefungiwa wakati huo. Kafyu ilianza 27 Machi, na kuanzia 8 Aprili hadi 7 Julai watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa hivihivi. Machifu na wazee wa mitaa walipita wakiandika majina, mara ya chakula, mara ya pesa, mara ya pembejeo. Watu walitoa nambari za vitambulisho na za simu kwa moyo mweupe. Ukiuliza leo katika baraza lolote la Likoni au Kisauni nani hasa alipata nini, wengi watakujibu kwa neno moja: nasikia.

Nimeandika mwongozo huu kwa mkulima, mfugaji, mvuvi au katibu wa kikundi aliyechoka na nasikia. Ukifuata njia hii ofisi inatakiwa kisheria kukujibu kwa maandishi. Haihitaji wakili, haihitaji kujuana na mtu, na Kiswahili chako kinatosha.

Kanuni moja inabeba yote yanayofuata: omba hati, usiombe maelezo. Ukiuliza "pesa zetu zilikwenda wapi?" utapewa hotuba. Ukiomba "orodha ya wakulima wa wadi ya Mwakirunge waliosajiliwa kupokea vocha za pembejeo kati ya Mei 2020 na Juni 2021", ofisi inabaki na njia tatu tu: iitoe, ikatae kwa maandishi, au iseme haina. Kila moja ya hizo tatu ni kitu unachoweza kukishika mkononi na kupanda nacho ngazi.

Hatua ya kwanza: jua pesa ni za serikali ipi

Hapa ndipo barua nyingi hupotelea. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi: sera ya kilimo ni ya serikali kuu, na kilimo chenyewe cha mimea na mifugo, pamoja na uvuvi, ni cha kaunti. Kwa hiyo afisa wa kilimo unayemjua, yule anayekuja shambani, ni wa kaunti, ilhali zile bilioni 3 zilitangazwa na serikali kuu na zilipitia Wizara ya Kilimo. Ukimwandikia wa kaunti peke yake atasema hazikupita kwake, na huenda anasema kweli. Ukiandikia wizara peke yake, watasema usajili ulifanywa mashinani.

Dawa yake ni barua mbili zenye maneno karibu sawa: moja kwa Katibu wa Wizara, Idara ya Kilimo, Kilimo House, Nairobi, nyingine kwa Afisa Mkuu wa Idara ya Kilimo katika Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Hata ukikosea mlango, sheria imekufikiria: ofisi iliyopokea ombi lisiloihusu inaweza kulihamishia kwa ofisi yenye habari hizo ndani ya siku 5, na ikilihamisha ni lazima ikuarifu. Usikubali kurudishiwa barua mkononi na kuambiwa "nenda kwingine".

Swali la mwanzo kabisa liwe hili: je, Kaunti ya Mombasa iliingizwa katika mpango huo, na kwa vigezo gani? Mashamba yetu ni machache ukilinganisha na ya Kilifi au Kwale, na mara nyingi Mombasa huhesabiwa kuwa ni bandari na hoteli tu. Kama iliachwa, wakulima wana haki ya kujua nani aliamua hivyo na kwa karatasi gani.

Hatua ya pili: tengenezeni daftari lenu kwanza

Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na kikundi kinachodai hesabu ya serikali bila kuwa na yake hakiwezi kupima jibu kitakalopewa. Kabla hamjaandika barua, kaeni siku moja chini ya mwembe au katika ukumbi wa kijamii mkiwa na daftari kubwa la mistari. Kwa kila mwanakikundi andikeni: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, kijiji na wadi, alilima au alifuga nini mwaka 2020, aliandikishwa na nani na lini, alitoa nambari gani ya simu, na alipata nini. Aliyekosa kabisa naye aandikwe. Safu yake ya "alichopata" isiachwe wazi; andikeni "hakupata".

Nambari ya simu ina uzito kuliko inavyoonekana. Wengi walibadilisha laini tangu 2020, au waliandikisha simu ya mtoto, ya jirani, hata ya mzee wa mtaa kwa sababu yao ilikuwa imeharibika. Pesa au vocha ikienda kwenye laini iliyokufa, mkulima anaonekana kwenye vitabu vya serikali kuwa amelipwa, na yeye ana uhakika hakulipwa, na wote wawili wanasema kweli. Mwenye laini bado anaweza kuomba taarifa yake ya M-Pesa kwa kubonyeza *334# na kuingia sehemu ya akaunti yangu. Taarifa ikionyesha kipindi hicho, ichapisheni na kuibana kwenye daftari. Asiyeweza aandike tu anachokumbuka, na ieleweke kuwa ni kumbukumbu, maana ushahidi wenu utapimwa na watu wasiowapenda.

Hatua ya tatu: soma yale yaliyokwisha kuchapishwa

Kuna vitabu viwili vya umma ambavyo huhitaji kumwomba mtu ruhusa. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti kuhusu utekelezaji wa bajeti za kaunti hutoka kila robo mwaka na kila mwisho wa mwaka, na kila kaunti ina sehemu yake. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutazama mwaka mzima wa fedha, baada ya pesa kutumika. Zote zipo kwenye tovuti za ofisi hizo, na kijana yeyote wa saiba atakutolea kurasa za Mombasa kwa shilingi chache.

Zingatia mwaka wa fedha. Wa kwetu unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, kwa hiyo matumizi ya miezi ya mwanzo yako katika mwaka wa 2019/20, hasa katika bajeti za nyongeza zilizopitishwa kwa haraka. Mpango wa Mei ulibebwa zaidi na bajeti ya 2020/21 iliyosomwa na Waziri wa Fedha Ukur Yatani tarehe 11 Juni 2020. Anayefungua ripoti ya mwaka mmoja tu anaweza kuhitimisha kwamba hapakutokea kitu.

Ukifika kwenye idara ya kilimo ya kaunti, tazama safu tatu: kiasi kilichotengwa, kiasi kilichotolewa na hazina, na kiasi kilichotumika. Pengo kati ya cha kwanza na cha pili maana yake pesa hazikuja. Pengo kati ya cha pili na cha tatu maana yake zilikuja na hazikutumika. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa. Mkulima akisimama barazani na kusema "pesa zililiwa" wakati hazikutoka Nairobi hata siku moja, atashushwa, na kikundi chote kitachekwa.

Kwa upande wa ukaguzi, tafuta maneno yanayohusu hati zisizopatikana. Mkaguzi anapoandika kwamba orodha za wanufaika au stakabadhi za kupokelea hazikuletwa zikaguliwe, nakili aya hiyo neno kwa neno. Utaitumia kwenye barua.

Hatua ya nne: andika barua

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari, Na. 31 ya 2016, ndiyo inayoeleza namna. Mambo manne ndani yake yafaa kukaririwa na kila katibu wa kikundi. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika, kwa kutosoma au kwa ulemavu, anaweza kueleza kwa mdomo na afisa akamwandikia na kumpa nakala. Huna haja ya kutoa sababu, na dhana ya afisa juu ya nia yako haipunguzi haki yako. Na kuwasilisha ombi ni bure. Unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala.

Ofisi nyingine zina fomu zao. Jaza ukipewa, lakini kukosa fomu peke yake si sababu ya kukataliwa.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Hii hapa unaweza kuigeuza kulingana na wadi yako:

*Kwa Afisa Mkuu, Idara ya Kilimo, Serikali ya Kaunti ya Mombasa.*

*KUH: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA KUPATA HABARI, 2016*

*Mimi ni raia wa Kenya na mkulima katika wadi ya Mwakirunge. Naomba nakala za hati zifuatazo, kwa kipindi cha kuanzia 1 Machi 2020 hadi 30 Juni 2021:*

*(a) Mwongozo au waraka ulioeleza vigezo vya kuwachagua wakulima wa kupokea msaada wa pembejeo, vocha au fedha wakati wa janga la korona.*

*(b) Orodha ya wakulima wa wadi ya Mwakirunge waliosajiliwa, na orodha ya waliopokea, ikionyesha jina, kijiji, aina ya msaada, kiasi na tarehe. Siombi nambari za vitambulisho, za simu wala za akaunti.*

*(c) Orodha ya maduka ya pembejeo yaliyoidhinishwa kupokea vocha au kusambaza bidhaa, na kiasi ambacho kila duka lililipwa.*

*(d) Kumbukumbu za mikutano ya kamati iliyopitisha majina ya wakulima.*

*Kama hati yoyote haiko kwenu, naomba mniandikie hivyo na kuhamishia ombi hili kwa ofisi iliyo nayo. Kama kuna sehemu isiyoweza kutolewa, naomba nipewe iliyobaki pamoja na sababu ya kuizuia hiyo nyingine.*

Malizia kwa jina, nambari ya kitambulisho, anwani, simu, sahihi na tarehe. Haki hii ni ya raia, kwa hiyo nambari ya kitambulisho inamaliza swali kabla halijaulizwa. Kikundi kinachosimamiwa na raia kinaweza kuomba pia, ila naona ni bora mtu mmoja atie sahihi yake na wengine watatu au wanne waambatanishe majina. Kikundi kina uchaguzi, kina migogoro. Katibu akibadilishwa katikati ya safari, ombi hulala.

Kipengele cha (c) watu wengi hukisahau, na mimi nakipa uzito kuliko vyote. Majina ya wakulima ni mengi na yametawanyika. Maduka ni machache, yana leseni, yana risiti, na malipo yao yamepita benki. Palipo na tatizo kubwa, hapo ndipo alama zake hubaki.

Usiongeze matusi, usiongeze historia ya dhuluma za kaunti, na usiombe "hati zote". Ombi pana namna hiyo linampa afisa sababu ya kusema kazi ni kubwa mno.

Hatua ya tano: ifikishe na upate muhuri

Chapisha nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanakugongea muhuri wa kupokea wenye tarehe. Bila muhuri huo siku hazihesabiki na hujapeleka kitu.

Mapokezi ya ofisi za umma tunayajua. Karani ana kitabu cha barua zinazoingia, kirefu, chenye safu za tarehe, mtumaji, kichwa cha barua na aliyepelekewa. Atakwambia, "Mama, bosi hayupo, iache tu hapo mezani." Mjibu kwa upole: "Haya mwanangu, sina haja ya kumsumbua bosi. Niingizie kwenye kitabu, unigongee muhuri nakala yangu, nirudi zangu." Simama hapo mpaka kitabu kifunguliwe, na uandike nambari ya mstari wako kwenye pembe ya nakala yako. Siku wakisema barua haikufika, hutabishana na mtu, utawatajia mstari.

Ya Nairobi itume kwa rejista ya posta au kwa kampuni ya basi inayotoa risiti, na utume pia kwa baruapepe ili tarehe ibaki. Picha ya muhuri iweke kwenye simu mbili tofauti.

Kisha hesabu. Ofisi ina siku 21 tangu kupokea. Inaweza kujiongezea mara moja tu, siku zisizozidi 14, na ikuambie kwa nini. Barua ikipokelewa 2 Machi, siku ya mwisho ni 23 Machi. Wakiongeza, ni 6 Aprili. Wakinyamaza, sheria inachukulia kuwa wamekataa. Kimya chao kinakufungulia mlango wa rufaa, kwa hiyo usikae ukingoja wapate nafasi.

Hatua ya sita: majibu ya kukwepa, na namna ya kuyapokea

La kawaida kuliko yote ni "hizo ni siri za watu". Lichukue kwa uzito, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hakuna mkulima anayetaka nambari ya kitambulisho chake ibandikwe ukutani kwa chifu. Ndiyo maana barua ile imejiwekea mpaka tangu mwanzo. Lakini faragha ya nambari ya simu haifichi ukweli kwamba pesa za umma zilitoka. Sheria ya 2016 inapoeleza maslahi ya umma, inataja kuhakikisha kwamba matumizi ya fedha za umma yanasimamiwa ipasavyo.

Nchi nyingine zimeshapita njia hii. Marekani ilitangaza Aprili 2020 dola bilioni 16 za malipo ya moja kwa moja kwa wakulima walioumizwa na korona, na huko shirika la kiraia la mazingira, EWG, limekuwa kwa miaka likichapisha majina ya wanaolipwa ruzuku za kilimo na kiasi chao, kwa data zilizoombwa serikalini kwa sheria ya habari. Ulaya, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 9 Novemba 2010 kwamba kuchapisha jina la kila mkulima bila kutofautisha kiasi wala kipindi ni kupita mpaka. Waliandika kanuni upya mwaka 2013: majina yanachapishwa, ila waliopata kiasi kidogo hufichwa majina na kiasi chao kikabaki wazi. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye haki, na afisa akikushikilia faragha, mwambie utapokea hata orodha ya namna hiyo: kijiji, aina ya msaada, kiasi, bila jina la mnyonge aliyepata mfuko mmoja wa mbolea. Maduka na kampuni hayo hayawahusu. Yatajwe.

India ni mfano ulio karibu nasi zaidi, kwani wakulima wake wengi ni wadogo kama wetu. Mpango wao wa PM-KISAN huwalipa wakulima rupia 6,000 kwa mwaka, na awamu ya Aprili 2020 iliharakishwa kwa ajili ya korona. Orodha za wanufaika hutazamwa kijiji kwa kijiji kwenye tovuti. Januari 2021, ombi moja la habari lilifichua kwamba watu zaidi ya milioni 2 wasiostahili walikuwa wamelipwa rupia zaidi ya bilioni 13. Aliuliza mtu mmoja.

Jibu la pili utakalokutana nalo ni "hatuna kumbukumbu". Omba hilo liandikwe na kutiwa sahihi. Kwa upande wa ununuzi wa bidhaa, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka kumbukumbu zihifadhiwe angalau miaka 6 baada ya mkataba kukamilika. Mkataba uliokamilika katikati ya 2021 unafikisha miaka hiyo katikati ya 2027. Hii ndiyo sababu nasisitiza barua iende sasa, kabla hamjapata wafadhili wala wakili.

La tatu ni "njoo wiki ijayo". Usiende. Nauli ya kutoka Mwakirunge na siku ya shamba iliyopotea ndivyo vinavyowamaliza watu. Piga simu, andika jina la aliyepokea na alichosema, na uache siku 21 zifanye kazi.

Hatua ya saba: rufaa

Ukikataliwa, au ukinyamaziwa, una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ombudsman. Tume hii ina ofisi ya kanda hapa Mombasa, kwa hiyo rufaa haihitaji safari ya Nairobi. Peleka vitu vitatu: nakala yenye muhuri, jibu la kukataa (au maelezo mafupi kwamba siku zimepita), na ukurasa mmoja unaosema unataka tume iamuru nini. Tume ina uwezo wa kuita watu na hati, na wa kuamuru habari zitolewe. Asiyeridhika na amri yake ana siku 21 za kwenda Mahakama Kuu.

Wakati hilo likiendelea, fungueni mlango wa pili. Kila mkazi ana haki ya kuwasilisha ombi la umma kwa Bunge la Kaunti, na mwakilishi wadi wenu anaweza kulisukuma kwa kamati ya kilimo imwite Afisa Mkuu mbele yake. Nendeni kwa mwakilishi mkiwa wengi na mkiwa na nakala yake tayari mkononi. Na kamati ikikaa, vikao ni vya wazi. Wanakikundi wawili wakikaa nyuma na daftari, maswali huulizwa kwa namna nyingine.

Hatua ya nane: orodha ikifika

Hapa kunahitaji utulivu. Msiisome kwa mara ya kwanza mbele ya umati. Katibu, mweka hazina na mwanachama mmoja asiye kiongozi wakae kando na daftari lenu, wapitie jina kwa jina na kuweka alama tatu: yupo na alipata, yupo na hakupata, hatumjui. Hao wa mwisho si wezi. Wadi ni kubwa, watu huhama, mwengine huandikwa kwa jina la ukoo na huku mtaani anajulikana kama Mama Fulani. Ulizeni vijiji vya jirani kwanza.

Yanayostahili kutiliwa shaka yanajionyesha yakikusanyika: majina mengi ya kijiji kimoja na kijiji cha pili hakuna hata mmoja, marehemu ambao kaburi lao linajulikana kuwa ni la kabla ya 2020, duka lililolipwa kwa pembejeo ambalo hakuna mkulima aliyewahi kuingia, tarehe ya kupokea iliyotangulia tarehe ya kusajiliwa. Mkiona hivyo, andikeni barua ya pili inayouliza kuhusu mistari hiyo tu, kwa nambari zake. Kilichokwisha kuwa cha jinai kipelekwe EACC, tume ya kupambana na ufisadi, ambao wana ofisi Mombasa na wanapokea taarifa bila jina la mtoaji. Msimbandike mtu barazani wala kwenye kundi la WhatsApp. Orodha ikimtaja jirani yako kimakosa, aibu hiyo haifutiki kwa kuomba radhi.

Na waliokosa kwa makosa ya kawaida, laini iliyokufa au jina lililokosewa herufi, wasaidieni kusahihisha kumbukumbu zao. Sheria hiyohiyo inampa raia haki ya kutaka habari zisizo sahihi kumhusu zirekebishwe. Hili ni muhimu kwa sababu usajili unafuatana. Mbolea ya ruzuku iliyouzwa shilingi 3,500 kwa mfuko mwishoni mwa 2022, kisha 2,500 mwaka 2023, ilitolewa kwa wakulima walio kwenye rejista ya serikali, na aliyeandikwa vibaya huonekana hayupo.

Usajili mwingine utakapotangazwa wadini kwenu, wa korona au wa kiangazi au wa mbolea, msisubiri pesa zitoke ndipo muandike barua. Siku ileile ya kuandikishwa, mwambieni chifu na afisa wa kilimo mnaomba vigezo kwa maandishi, kila anayesajiliwa apewe karatasi yenye tarehe na jina la aliyemwandika, na majina yaliyopita yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya chifu kwa siku 14 kabla ya malipo, bila nambari za vitambulisho, ili anayeona kosa aseme mapema. Chukueni muhuri kwa ombi hilo pia.